Nusu Filamu ya Mgongo wa Luhende

Wenzangu wa chumba cha picha, siku mliponiaga mlinitaka niseme neno, nikawaambia nina kikohozi. Sikuwa na kikohozi. Nilikuwa nimemwona katibu akiinua simu anirekodi, na mimi mtu akinielekezea kitu chenye lenzi huuliza kwanza anataka kukipeleka wapi. Nimewaelekezea watu mashine umri wangu wote. Najua picha inavyoweza kumsemea mtu jambo ambalo hakulisema.

Sasa nina miezi mitatu nyumbani Kishapu, kuku wamenizoea, na kikohozi kimepona. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye faili langu kama panya hawajawatangulia. Nasikia pia kwamba mlipohesabu vifaa baada ya mimi kuondoka, bamba moja la madini ya risasi halikuonekana, lile dogo lenye pembe iliyopinda, na kwamba Bahati mfagiaji ameitwa ofisini mara mbili kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu hupita kila Jumatano. Nitafika huko. Msiruke kurasa.

Nilianza kazi mikononi mwa Mzee Bundala, mpiga picha pekee wa hospitali yetu wakati huo. Alikuwa mfupi, vidole vyake vimegeuka njano kwa dawa ya kuoshea filamu, na maneno yake yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko. Siku ya kwanza alitundika filamu kwenye kisanduku cha taa akaniuliza naona nini.

"Mapafu, mzee."

"Kabla ya mapafu?"

Nikataja mbavu. Akatikisa kichwa. Nikataja moyo. Akazima taa.

"Jina, binti. Hujasoma jina. Unayajuaje mapafu na humjui mwenyewe?"

Nikajiona mjinga, na tangu siku hiyo sijaamini filamu, fomu wala mtu mpaka nimesoma jina mara mbili. Watu wengine hurithi ng'ombe kutoka kwa wazee wao. Mimi nilirithi shaka.

Filamu zilikuwa zinatujia kwa msimu, kama kumbikumbi. Miezi mingine boksi liliisha tarehe kumi, na kuanzia hapo mtu aliyevunjika mguu tulimpapasa kwa mikono na kumwombea. Kwa hiyo Mzee Bundala alikuwa na ufundi wake. Mgonjwa wa mgongo anatakiwa apigwe picha mbili, ya mbele na ya ubavu. Yeye alitwaa filamu moja kubwa, akafunika nusu kwa bamba la risasi, ambalo miale haipiti, akapiga ya mbele. Kisha akahamisha bamba upande wa pili, akapiga ya ubavu. Filamu moja, picha mbili, na mstari mweupe katikati ulionyooka kama tuta la pamba.

"Mgongo ni mwembamba," alisema. "Hauhitaji shamba zima."

Nilijifunza ufundi huo mpaka nikampita. Alipostaafu aliniachia bamba lake, na wageni kutoka wizarani walipotutembelea, daktari mkuu alikuwa akiwaonesha filamu zangu za nusu kwa nusu jinsi nisivyopoteza hata kipande. Nilisimama pembeni nimeinamisha macho kwa adabu, na moyoni nimevimba.

Kisha migodi ikafunguka, Bugarama kwanza na baadaye Buzwagi, na vijana wakamiminika kutafuta kazi. Kila mmoja alitakiwa apigwe picha ya kifua, na hapo shaka yangu ikapata malisho. Kijana aliyejua kifua chake kimeshaharibiwa na vumbi la maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, alimtuma mwenzake mzima aje apigwe kwa jina lake. Sisi tuliita kukodi kifua. Kuna kifua kimoja chenye ubavu wa tano ulioungana vibaya kilinijia mara tatu mwezi mmoja, kwa majina matatu. Mara ya tatu nilimkaribisha vizuri, nikamwambia avue shati, nikamuuliza, "Leo unaitwa nani, baba?" Alikimbia bila shati. Tulifutia mashine kwa shati hilo mwaka mzima.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuogopwa. Madaktari walinitumia wagonjwa wakiandika pembeni ya fomu, "Mama Pendo aangalie." Hawakuwa na maana ya mifupa tu. Walitaka nimwangalie mtu mwenyewe, kama ni mkweli.

Ndivyo alivyoletwa Luhende. Hilo ni jina lake halisi, naye amenipa ruhusa kuliandika. Mtaona kwa nini.

Alikuja asubuhi moja akiwa na barua ya msimamizi wake, mkandarasi mdogo aliyekuwa akichukua vibarua vya uchimbaji. Barua ilisema mtajwa analalamika mgongo mara kwa mara, athibitishwe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi, mrefu, mikono imejaa. Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Nilisogea karibu nikavuta pumzi kutafuta harufu ya gongo. Sikuipata, nikahitimisha kwamba ni bangi. Nyuma yake alisimama mkewe, Mama Kulwa, mtoto wa kike amelala mgongoni kwake.

"Shikamoo mayu," alisema Luhende. Mayu kwetu ni mama.

"Marahaba. Mgongo umeanza lini?"

"Huu mwaka wa tatu. Asubuhi siinuki, mpaka huyu anivute. Nikishatembea, nikianza kazi, unalegea."

"Yaani ukifanya kazi unapona?"

"Unapungua, mayu. Nikipumzika ndio unakaza."

Niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimesikia migongo isiyo na hesabu, na yote inaimba wimbo mmoja: nikiinama unauma, nikibeba unauma, nikilala napata nafuu. Huyu alikuwa anaimba kinyume. Nikajisemea kwamba amefundishwa uongo na wenzake, ila njiani ameugeuza chini juu.

Mkewe akadakia. "Kweli, mama. Usiku wa manane anaamka, anazunguka uani mpaka upoe ndipo arudi kulala."

Nilimwonea huruma yule dada. Mwanamume anayetoka nje saa tisa za usiku, nilisema moyoni, hajatoka kunyoosha mgongo.

Nikampiga picha. Filamu moja, nusu kwa nusu, mstari mweupe katikati. Nikaweka kwenye kona herufi zangu mbili za risasi kama kawaida, ili ijulikane ni kazi ya nani. Ilipokauka nikahesabu pingili za uti wa mgongo, zote zimekaa kwa mstari, hakuna iliyobonyea, hakuna iliyoliwa na kifua kikuu. Nikaandika kwenye fomu: "Hakuna kitu." Hospitali yetu haikuwa na daktari bingwa wa kusoma picha. Neno langu ndilo lililosomwa.

Mpaka hapo ningeweza kusema nilifanya kazi kwa kadiri ya vifaa. Lakini Jumapili iliyofuata nilikuja huku kwetu Kishapu. Pamba ilikuwa imeshauzwa, na uwanjani vikundi viwili vya bugobogobo vilikuwa vinashindana, ile ngoma yetu ya majembe. Nikasimama nyuma ya mama muuza miwa nitazame kidogo. Katikati ya mstari, jasho linamtiririka, alikuwa Luhende. Alirusha jembe juu likazunguka, akalidaka nyuma ya mgongo, akainama mpaka chini na kuinuka kama upinde, na watu wakapiga vigelegele.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kama mtu aliyemfumania mwizi wa kuku na manyoya mkononi.

Jumatatu sikusubiri hata chai. Nilikwenda kwa daktari wa zamu nikamwambia, "Yule wa mgongo, jana nimemwona kwa macho yangu anarusha jembe kwenye ngoma." Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akaandika kwamba anafaa kwa kazi zote, na chini yake akaongeza kwa mkono kwamba mgonjwa ameonekana akicheza ngoma. Sikumwambia aongeze. Sikumwambia afute pia.

Nilisikia baadaye kwamba msimamizi aliisoma barua ile mbele ya wenzake wote. Walicheka, wakampa jina la Jembe. Hakumaliza wiki, akaacha kazi, akaenda upande wa Geita kwenye maduara, ambako huulizwi cheti wala mgongo. Nami nikaendelea na kazi yangu.

Miaka ikaenda. Chumba cha giza kikawa stoo ya mifagio, filamu zikaisha, ikaja mashine ya kidijitali inayotoa picha kwenye kioo kabla mgonjwa hajavaa shati. Mashine hii inaweza kupiga shamba zima bure. Lakini mkono wangu ulishazoea. Nilibana mwanga wa mashine, ule unaopima eneo la picha, uwe mwembamba kama zamani, na bamba la Mzee Bundala likabaki kwenye droo yangu.

Kisha akaletwa Daktari Rehema, mnayemjua. Nilimshuku tangu siku ya kwanza, kwa kuwa daktari kijana anayewasalimia wapiga picha kwa majina yao huwa kuna anachotaka. Alichotaka kilijulikana wiki ya pili.

"Mama Pendo, samahani. Mbona migongo yako haina nyonga?"

"Umeomba mgongo, daktari. Nimekupa mgongo."

Aliitikia sawa kwa heshima, nami nikadhani nimeshinda.

Siku moja akaingia mwanamume amejikunja, uso unatazama sakafu. "Shikamoo mayu," aliiambia sakafu. Niliitikia, lakini shaka ikanipanda. Mtu anayeficha uso namfahamu, nilikuwa nimewaona wengi waliokodi vifua. Nikamwambia kwa ukali kidogo ainue uso nimwone.

Alirudi nyuma hatua moja. Akakunja magoti, akaushika ukuta, akauegemeza mwili wote nyuma, na ndipo macho yake yakapanda taratibu mpaka yakafika kwangu. Shingo haikusogea hata kidogo. Haikuwa inafanya kazi.

Nikasikia aibu, lakini bado sikumtambua. Mkewe ndiye aliyeingia na kitu kilichofungwa kwenye kitenge, akakifungua juu ya meza. Ilikuwa filamu ya zamani. Walikuwa wameitunza chini ya godoro kote walikohamia, pembe zake bado zimenyooka. Mstari mweupe katikati. Kwenye kona, herufi zangu mbili.

Mtu nilikuwa nimemsahau. Mkono wangu sikuweza kuusahau.

Nilimpiga picha mpya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifungua mwanga wote bila kuambiwa. Daktari Rehema akaja, akatazama kioo muda mrefu. Pingili zote zilikuwa zimeungana, mfupa umepita juu ya kila kiungo, mgongo umekuwa fimbo moja ya mwanzi. Chini, mahali ambapo mgongo unashikana na nyonga kwa viungo viwili, kushoto na kulia, hapakuwa na viungo tena. Palikuwa na mfupa mtupu.

Kisha akachukua filamu ya zamani, akaiegemeza dirishani, akaita, "Mama, njoo uone."

Kidole chake kilikuwa ukingoni kabisa mwa ile picha ya mbele, pale bamba langu lilipokatia. Upana wa kidole kimoja tu cha kile kiungo cha chini kilikuwa kimebaki ndani ya picha. Kingo zake zilikuwa zimechakaa kama mkate uliogugunwa na panya, na mfupa unaozunguka umekuwa mweupe kama chaki.

"Ugonjwa huu ni baridi yabisi ya mgongo," alisema. "Huanzia kwenye viungo hivi viwili, ndipo hupanda. Anayeugua akipumzika anakaza, akitembea analegea. Usiku wa manane unamwamsha. Na wengine jicho huwa jekundu, ni ugonjwa huohuo. Hakuwahi kuwaambia?"

"Alituambia yote," nilisema. "Siku ya kwanza."

Hakuniuliza zaidi, na nilimshukuru kwa hilo. Alimweleza Luhende kwamba dawa zitapunguza maumivu, mazoezi yatalinda kilichobaki, na atamwandikia rufaa kwenda Mwanza, ila mfupa ulioungana hautaachana. Luhende akauliza kama angetibiwa wakati ule angekuwa mzima. Daktari akasema hakuna ajuaye kiasi ambacho kingeokolewa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo cha kujikinga na mionzi. Kioo kile kina risasi ndani yake, na maneno yale yaliipita.

Niliwafuata nje kwenye benchi. Sijui kama nilifuata ili kutubu au ili kujua wanasema nini juu yangu. Naishuku nia yangu mpaka leo. Lakini nilikaa, nikasema.

"Baba Kulwa, ni mimi niliyepiga picha ile. Na ni mimi niliyemwambia daktari kwamba ulikuwa unacheza ngoma."

Mama Kulwa alishika mdomo.

"Ni wewe?" Luhende aliiuliza mikono yake. "Mimi nilijua ni kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa ananishinda kwenye kikundi, anataka nafasi yangu. Nimemwambia maneno mabaya. Tangu hapo sijakanyaga kwake."

Kisha akasema tena, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi.

"Mayu, nilikwenda kwenye ngoma kwa sababu pale tu ndipo mgongo ulikuwa unaniacha. Jumapili nzima sikuwa na maumivu. Ungeniuliza, ningekwambia."

Mama Kulwa ndiye aliyeleta lile lililowaleta hasa. Yule mtoto aliyekuwa amelala mgongoni kwake, Kulwa, sasa yuko kidato cha pili. Tangu mwaka jana asubuhi hainuki mpaka mama yake amvute. Anaomba kusimama darasani, mwalimu anasema ni mvivu mwenye visingizio. Wamembembeleza waje naye hospitali, amekataa.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anasema, baba alisema ukweli mkamwita mwongo. Mimi nikija nitasema nini?"

Nilirudi ndani nikajifungia kwenye ile stoo ya mifagio, nikalia. Halafu nikanawa uso, nikatoka, nikamaliza foleni.

Luhende aliniomba jambo moja tu: niandike karatasi, kwa jina lake na jina langu, kwamba hakuwa mwongo, ili Kulwa aisome. Nilipeleka maombi ofisini. Nikajibiwa kwamba mpiga picha haandiki ripoti. Jibu hilo lilikuwa sahihi, ila siku ile nilipoandika "Hakuna kitu" hakuna aliyenikumbusha. Muda wangu ukaisha, mkaniaga, nikawaambia nina kikohozi.

Kwa hiyo karatasi yenyewe ni hii. Nimefanya nakala mbili. Moja nimempelekea Luhende, na njiani nilipita kwa kaka yake, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, nikamwambia mwenyewe ni nani aliyesema. Alinisikiliza akiendelea kumenya muhogo. Alipomaliza aliniuliza kama mdogo wake bado anapenda ndizi za kuchoma, akanipa chane nimpelekee. Nakala ya pili ndiyo hii mnayoisoma.

Bamba la risasi ninalo mimi. Nililitia kwenye mkoba siku ya mwisho, chini ya kitenge mlichonipa, kwa sababu niliogopa kwamba mmoja wenu angeuona ufundi wake na kuupenda. Hapa kwangu linazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo, nalo halitarudi. Mwendeeni Bahati mkamwombe radhi, nyote, na aliyemtaja wa kwanza atangulie. Nyie mlimtazama kwa kuwa ni mfagiaji. Mimi nilimtazama Luhende kwa kuwa ni kijana wa machimbo. Ni macho yaleyale.

Fanyeni hivyo kabla shule hazijafungwa, maana Kulwa amekubali kuja likizo hii. Ni mrefu kama baba yake na anatembea kwa haraka, msishangae, akitembea ndipo anapata nafuu. Someni jina lake mara mbili. Fungueni mwanga mpaka viungo vile viwili vionekane vyote. Na picha ikiwa safi, maana katika miaka ya mwanzo huwa safi, msiandike kwamba hakuna kitu. Andikeni kwamba picha haijaonesha, mkamwite Daktari Rehema.

Atawaambia kwamba akipumzika ndipo anapoumia. Msimuulize mara mbili.